Bosi wa mafia kwenye katuni ya watoto: je, nimzuie binti yangu?

SWALI: "Jumapili iliyopita tulikaa familia nzima kuangalia Zootopia. Ilipofika pale sungura na mbweha wanapelekwa kwa yule bosi mdogo kabisa aliyekaa kwenye kiti kikubwa, shemeji yangu aliangua kicheko mpaka akamwaga chai. Akasema hapo wameiga The Godfather, muvi ya majambazi wa Kiitalia. Binti yangu ana miaka 9, na tangu siku hiyo kila jioni anaulizia aone 'ile yenyewe'. Mjomba wake yuko tayari kumletea kwenye flashi. Mimi sijawahi kuiona, ila nasikia ina mauaji mengi. Nilipouliza kwenye kundi la wazazi wa shuleni kwao, wengine wakasema watu wa katuni wanapandikiza mambo ya wakubwa makusudi ili watoto wazoee. Je, ni kweli? Nimzuie asiangalie katuni za namna hii? Na hiyo The Godfather, akiangalia na mjomba wake kuna ubaya gani?"

JIBU: Ndugu yangu, nikupe kwanza majibu mafupi ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Zootopia usimzuie. The Godfather asiione kwa umri huo, hata mjomba wake akikaa naye bega kwa bega. Na kuhusu kupandikiza, wazazi wenzako wamepatia kitu kimoja tu: ni kweli waliotengeneza katuni ile walifanya makusudi. Kusudi lenyewe ndilo wazazi hao walilolikosea.

Kwa kuwa hujaiona ile ya zamani, nikusimulie kilichochukuliwa. The Godfather ilitoka mwaka 1972, ikaongozwa na Francis Ford Coppola kutokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969. Inaanzia harusini. Nje jua linawaka, watu wanacheza na kunywa. Ndani, kwenye chumba kilichofungwa mapazia, Don Vito Corleone, bosi wa mafia, amekaa kitini anampapasa paka, na watu wanaingia mmoja mmoja kuomba msaada, kwa sababu inasemwa kuwa Msisilia, yaani mtu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia, hawezi kukataa ombi siku ya harusi ya binti yake. Marlon Brando, aliyemwigiza don huyo, anazungumza kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, mashavu yamejaa kama mtu aliyeumwa jino. Mpigapicha Gordon Willis aliweka taa juu ya kichwa chake, hivyo mara nyingi macho yake huyaoni, unaona vivuli viwili tu. Mtu mzima aliyewahi kutazama dakika zile hazisahau.

Zootopia ilikuja mwaka 2016, imeongozwa na Byron Howard na Rich Moore. Sungura Judy na mbweha Nick wanakamatwa na kuletwa kwenye chumba kama kile. Anaingia dubu mweupe, Judy anadhani ndiye bosi. Anaingia mwingine mkubwa zaidi. Halafu mkubwa kuliko wote, ameshika kiti mkononi, na kitini amekaa kijinyama cha pua ndefu kisichozidi kidole gumba. Huyo ndiye Mr. Big. Nyusi nene, sauti ya Brando mtupu, na ni siku ya harusi ya binti yake. Analalamika kwamba alimkaribisha Nick nyumbani, bibi akampikia cannoli, na shukrani aliyoipata ni kuuziwa kwa bei mbaya zulia lililotengenezwa kwa manyoya ya makalio ya kicheche. Anaamuru watupwe kwenye maji ya barafu. Bibi harusi anatokea, anamtambua Judy kuwa ndiye aliyemwokoa mjini, na hukumu inafutwa. Hakuna aliyetumbukia.

Hebu angalia kipi kimevuka kutoka filamu moja kwenda nyingine na kipi kimeachwa. Kimevuka kiti, sauti, giza la chumba, harusi, na ile heshima ya kutisha ya mzee asiyepandisha sauti. Kimeachwa nyuma damu. Hata zile cannoli, ambazo ni vitafunwa vya Kisisilia vyenye krimu, zimesafishwa njiani. Kwenye filamu ya 1972 mtu anapigwa risasi ndani ya gari, kisha mmoja wa wauaji anamwagiza mwenzake aache bastola na achukue cannoli. Shemeji yako aliposikia neno hilo likitoka kwenye mdomo wa kile kijinyama, kichwani mwake ilipita ile gari. Binti yako alisikia bibi aliyepika kitafunwa, basi.

Kwa hiyo sebuleni kwako siku ile walicheka watu wawili kwa sababu mbili tofauti. Mtoto alicheka kwa sababu alitegemea jitu akaona kidudu, na kwa sababu makalio ya kicheche yanamchekesha mtoto yeyote duniani. Mjomba alicheka kwa kumbukumbu. Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa jambo hili, maana tumekulia kwenye taarabu. Mtoto anacheza mbele ya jukwaa kwa kufuata ngoma, shangazi zake wanatunza noti kwa kuwa wanajua fumbo limemlenga nani, na mtoto anarudi nyumbani hajaambukizwa ugomvi wowote.

Kwa nini wanafanya hivi? Sababu ya kwanza ni biashara, na hakuna haja ya kuipamba. Mtoto wa miaka 9 haendi sinema peke yake. Anayelipa tiketi ni mtu mzima, na katuni ikiingia nyumbani mtu mzima huyo huyo atalazimika kuisikia mara thelathini. Asipowekewa chochote cha kwake atachoka, na mwaka unaofuata hatalipa. Mtindo huu si wa juzi. Katuni fupi za Warner Bros. za miaka ya 1940 zilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wa rika zote, na ndani yake walichorwa kwa utani mastaa wa filamu za wakubwa wa wakati huo kama Humphrey Bogart. Watoto wa enzi hizo walimwona tu mtu mwenye sura ya huzuni kwenye katuni ya sungura.

Sababu ya pili naiona nzuri zaidi. Wanaotengeneza katuni ni wapenzi wa filamu waliopindukia. Rich Moore, kabla ya Zootopia, aliongoza vipindi vya miaka ya mwanzo vya The Simpsons, katuni ambayo haipiti dakika tano bila kuitania filamu fulani. Lee Unkrich, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa Toy Story ya 1995 na baadaye akaongoza Toy Story 3, ni mgonjwa wa The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980. Ukiitazama vizuri Toy Story ya kwanza, zulia la nyumbani kwa Sid, yule mtoto mkorofi, lina maumbo ya zulia la hoteli iliyo kwenye filamu hiyo ya Kubrick. Kwenye ya tatu, namba 237, ambayo ni ya chumba cha kuogofya katika hoteli ile, imebandikwa hata kwenye gari la taka. Ni salamu za mtu wa fani kwa mtu wa fani.

Na hapo ndipo hoja ya kupandikiza inapokufa. Ishara ya aina hii inafanya kazi kwa yule tu anayejua ilikotoka. Asiyejua haoni kitu cha kujifunza. 237 kwa binti yako ni namba ya gari, na zulia ni zulia. Hakuna njia ambayo ukatili wa The Shining unaweza kupenya kwenye macho ya mtu ambaye hajawahi kuuona.

Mara nyingine kinachoazimwa ni mifupa yote ya hadithi, na hapo mimi hufurahi kabisa. A Bug's Life ya mwaka 1998, ile ya sisimizi wanaoonewa na panzi, imesimama juu ya Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954: wanakijiji wanyonge wanaporwa mavuno, wanakwenda kutafuta wapiganaji wa kuwalinda. Tofauti ni kwamba wapiganaji waliopatikana kwenye katuni ni wasanii wa sarakasi. Chicken Run ya mwaka 2000 ni The Great Escape ya 1963, wafungwa wa vita wamegeuzwa kuwa kuku. The Lion King ya 1994, ambayo sisi tulijipatia kiburi kwa kuwasikia Simba, Rafiki na Pumbaa wakiitwa kwa lugha yetu, ina mifupa ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Humo humo Pumbaa, akiwa ameitwa nguruwe na fisi, anafoka kwamba yeye anaitwa Bwana Nguruwe. Neno hilo limetoka kwenye In the Heat of the Night ya 1967, pale Sidney Poitier, askari mpelelezi mweusi kwenye mji wa wabaguzi huko Mississippi, anapowaambia kwamba kwao anaitwa Bwana Tibbs. Kwa maoni yangu utani ule uliishusha sentensi nzito kuliko ilivyostahili. Lakini mtoto anachokipata pale ni mnyonge aliyekataa kudharauliwa, na hilo halina kasoro.

Sasa nisiwapuuze wazazi wenzako moja kwa moja. Kuna vitu viwili ambavyo vikiazimwa vinabaki na nguvu zake hata kwa asiyejua chanzo: sauti na mwanga. Kwenye Finding Nemo ya 2003, kila yule mtoto Darla anapotokea karibu na tangi la samaki, zinalia fidla kali zinazokwaruza. Ni zile za Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, muziki wa Bernard Herrmann kwenye mauaji ya bafuni. Mkubwa anacheka. Mtoto mdogo anaweza kuruka, kwa sababu sauti ile inafanana na mayowe, na mayowe hayahitaji maelezo. Vivyo hivyo fisi wa The Lion King wanapopita kwa gwaride mbele ya Scar, yule simba mwovu, mwanga wa kijani na hatua zilizonyooka: mpangilio ule umechukuliwa kutoka filamu ya propaganda za Wanazi iliyotoka mwaka 1935. Mtoto hamjui Hitler, lakini mwili wake unajua kwamba hapo pana nguvu ya kutisha. Hivyo mtoto mwenye woga mwepesi anaweza kuguswa. Kipimo ni mtoto wako mwenyewe, ambaye unamfahamu kuliko bodi yoyote ya filamu.

Ila ningekusihi uhangaike zaidi na yale yaliyo wazi. Mufasa wa The Lion King anakufa mbele ya mwanawe na mwanawe anamwamsha. Nemo anampoteza mama yake na ndugu zake wote kabla hata hadithi haijaanza. Kwenye Zootopia hiyo hiyo, yule chui dereva anageuka kichaa ghafla na kuwafukuza Judy na Nick gizani. Nimeona watoto wakijificha nyuma ya kochi kwa chui huyo, na sijaona hata mmoja aliyeogopa kijinyama cha kitini. Wazazi tunapenda kutafuta yaliyofichwa, kumbe mtoto analia kwa lile lililo katikati ya skrini.

Jambo jingine linalowaponza wengi hapa kwetu ni kudhani kwamba kila katuni ni ya watoto. Sausage Party ya 2016 ni katuni, na kwao Marekani ilipewa alama ya R, ya filamu za wakubwa, kwa matusi na mambo ya ngono. Rango ya 2011 iko chini ya hapo kwa mbali, ina alama ya PG, yaani mzazi aangalie kwanza, nami naipenda sana: kinyonga anafika kwenye mji mkavu wa jangwani, na hadithi nzima ya nani anayeficha maji imekopwa kwenye Chinatown ya mwaka 1974. Lakini mtoto wa miaka 6 atakaa mle kama mgeni asiyejua lugha, na baadhi ya picha zitamfuata kitandani. Mwenye kibanda anayekujazia flashi hapangi kwa umri. Ukimwambia "niwekee katuni" anakuwekea zote. Na zile zilizotafsiriwa na madijei zina la ziada, kwani msimuliaji huongeza utani wake, mwingine wa kuchekesha kweli, mwingine wa kijiweni. Sikiliza dakika kumi kabla hujawaachia watoto.

Hata hizo alama zenyewe zitumie kwa akili. Zootopia ina PG. Jaws, ile ya papa mla watu ya mwaka 1975, nayo ina PG, na humo mtu analiwa na papa akiwa hai huku akitapika damu. Sababu ni kwamba alama ya PG-13, ya kuwatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, ilianzishwa Marekani mwaka 1984 tu. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu katikati ya PG na R. Kwa hiyo PG ya filamu ya zamani usiilinganishe na ya leo. Bodi ya Filamu Tanzania, na kwa walio Kenya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, zina madaraja yao, yafuate pale unapoyakuta.

Turudi kwa ombi la binti yako. Wapo watakaokuambia mwache aone, dunia ina mabaya na ni bora ayajue akiwa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito kwa kijana wa miaka 15 au 16. Kwa miaka 9 naikataa, na sababu yangu kubwa si idadi ya maiti. The Godfather, ambayo inakaribia saa tatu, imetengenezwa kwa ustadi wa kukufanya umpende muuaji. Unaanza na Michael, kijana msafi wa familia, na polepole unajikuta unamtakia ushindi, mpaka mwisho anaposimama kanisani kwenye ubatizo akimkana shetani huku watu wake wanawaua maadui zake kwa amri yake. Mtu mzima anaondoka pale akiwa amejishtukia. Mtoto wa miaka 9 anajua steringi na adui, na atamchukua Michael kuwa steringi. Filamu itakuwa imemwambia kinyume cha ilichotaka kusema. Ongeza kichwa cha farasi kitandani, mwanamke mjamzito anayechapwa mkanda na mumewe, na kijana anayemiminiwa risasi barabarani.

"Basi tumwonyeshe ile sehemu ya mwanzo tu, ya harusi?" Hata hiyo hapana. Mtu wa kwanza kumlilia don anaeleza jinsi vijana wawili walivyomshambulia binti yake na kumvunja taya. Utajikuta unajibu maswali ambayo hukuyapanga.

Na mjomba kukaa naye? Kuangalia pamoja kunasaidia sana pale mkubwa anapoweza kueleza kabla picha haijaumiza. Hapa picha itatangulia. Isitoshe mjomba atakuwa amezama kwenye muvi anayoipenda. Usimfokee, ametoa kwa mapenzi. Mwombe awe yeye wa kumsimulia: palikuwa na mzee mmoja anayeogopwa, aliyeketi kitini siku ya harusi ya bintiye, na katuni ikaamua kumfanya mdogo kama kidole. Mwonyesheni picha mnato ya Brando na paka wake, mtoto ajaribu kutafuta vilivyofanana. Ninavyowajua watoto wa umri huo, kinachowasukuma zaidi ni kutaka kujua mkubwa alicheka nini. Akiambiwa, njaa inapungua.

Kama haikupungua, mpe njia nyingine ya kufika kule kule. Waliotengeneza WALL-E ya mwaka 2008 walikuwa wakiangalia filamu za kimya za Charlie Chaplin na Buster Keaton ili wajifunze kumfanya roboti azungumze bila maneno. Mwangalie WALL-E wiki hii, wiki ijayo mwekee Modern Times ya Chaplin ya 1936, au The General ya Keaton ya 1926. Hizo mtoto wa Temeke na wa Tokyo wanaelewa sawasawa, maana karibu hazina mazungumzo, na atapata raha ile ile aliyoipata mjomba wake: kukitambua kitu alichokwisha kukiona mahali. The Great Escape isubiri afike 12 au 13, na mwambie mapema kwamba wengi wa wale wafungwa hawatarudi. The Godfather isubiri zaidi. Wewe na mama yake, ikiwa hamjaiona, itazameni usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Hutakuwa tena unategemea maneno yangu wala ya kundi la wazazi.

Mimi ni mtu wa filamu, si daktari, hivyo kuna mahali sina budi kukupeleka kwa wengine. Mtoto kuota vibaya usiku mmoja au miwili baada ya filamu ni kawaida, anahitaji taa iwake na mtu wa kuzungumza naye. Lakini kama wiki zinapita na bado anakataa kulala peke yake wakati zamani alilala, ameanza kukojoa kitandani tena, anarudia tukio la kutisha kila anapocheza mpaka anaumiza wenzake, au amenyamaza na kujitenga, mpeleke mkaonane ana kwa ana na daktari wa watoto au mwanasaikolojia hospitali iliyo karibu, na umshirikishe mwalimu wa malezi na ushauri nasaha shuleni kwao. Mara nyingi filamu inakuwa imegusa tu kitu kilichokuwapo tayari: msiba ambao hakuelezwa, ugomvi wa nyumbani, mtoto mwenzake anayemwonea. Ukifika kwa mtaalamu mtajie filamu aliyoiona na lile tukio alilolitaja mtoto mwenyewe, kwa maneno aliyotumia.